Soketi Yenye Taa Mbili

Katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ujenzi la kina Jagdeep, mjini Thika, kulikuwa na kiti kimoja tu chenye mto, na kiti hicho kilikuwa cha Mzee Simeon Gachau. Wengine waliketi juu ya madebe ya rangi. Hakuna aliyetangaza kwamba iwe hivyo. Siku ya kwanza mzee alipoingia, Waceke aliinuka akampisha, na tangu hapo kiti kikabaki chake hata akichelewa, hata asipokuja.

Walikuwa watu wanne, wakikutana Jumamosi asubuhi kutengeneza vitu vidogo vya elektroniki kwa kupenda kwao wenyewe. Jagdeep alikuwa na chumba. Waceke, binti aliyemaliza chuo na kuajiriwa na kampuni ya kutunza lifti, ndiye aliyechora bodi kwenye kompyuta na kuziagiza. Mulei alikuwa fundi wa intaneti katika mitaa ya Ruiru, mtu wa kupanda mapaa na kushuka na kutu ya mabati magotini. Mzee Gachau alikuwa fundi umeme mstaafu wa kiwanda cha nguo. Aliingia kiwandani akifagia pamba chini ya mashine, akajiandikisha darasa la jioni, akasoma umeme huku ana mke na mtoto, mpaka akakabidhiwa funguo za chumba cha swichi. Alipostaafu funguo alizirudisha, lakini ule msimamo wa mwenye funguo aliondoka nao.

Katika darasa la jioni alikaa mstari wa mbele. Kila asipoelewa aliinua mkono na kusema, "Rudia, mwalimu." Vijana wa nyuma walicheka, wakampa hilo liwe jina lake: Rudia. Halikumkera. Mtihani ulipokuja, wengi wa waliocheka walianguka, naye akapita. Lakini tangu mvi zimtoke hakuwa amelitamka neno hilo tena. Sasa yeye ndiye aliyeulizwa maswali.

Mwaka huo walikuwa wakitengeneza bodi ya nyongeza. Mikrokontrola, ile kompyuta ya chipu moja inayoenea kiganjani, ina akili ya kutosha lakini haina mahali pa kuchomeka kioo wala waya wa mtandao. Bodi yao ingeibeba mgongoni na kuipa milango miwili, mmoja wa picha na mmoja wa mtandao. Shule moja ya msingi huko Ruiru ilikuwa na monita za zamani zimelala stoo, na Mwalimu Muli, msimamizi wa kompyuta, alitaka zitundikwe kwenye korido zionyeshe ratiba na matangazo kutoka ofisini. Kilichobaki ni kuchagua soketi.

Waceke alitandika gazeti mezani na kupanga sampuli juu yake.

"Tuanze na ya picha," akasema. "Mimi naona HDMI. Ni nyembamba, ni ya kisasa."

"Monita za shule zina hilo tundu?" Mzee Gachau akauliza.

"Hazina. Tutatafuta kigeuzi."

"Kigeuzi kitaibwa wiki ya kwanza." Akaiokota soketi ya bluu ya VGA, pana, yenye matundu ya skrubu pande zote mbili. "Hii. Inafungwa kwa skrubu. Mtoto akipita mbio akanasa waya, monita itaanguka lakini soketi itabaki mahali pake."

"Sasa mzee," Mulei akasema, "monita ikishaanguka, soketi ni ya nini?"

"Ni ya kukuonyesha wewe kazi safi inavyofanana."

Wakacheka, hata Waceke, na VGA ikapita.

Soketi za mtandao zilikuwa mbili, za ukubwa mmoja na miguu ileile. Moja ilikuwa na ganda linalong'aa na taa mbili ndogo usoni, ya kijani na ya manjano. Nyingine haikuwa na taa, na ganda lake lilikuwa limefifia kama sarafu ya zamani.

Mulei akakohoa kidogo. "Mzee, hii isiyo na taa ina kinga ndani. Umeme ukiingia, haiungui. Ile ya taa haina."

"Umeme uingie vipi kwenye waya wa mtandao?"

"Si unajua ile antena ya paa tulikuwekea? Haina waya wake wa umeme. Umeme unapanda na huo huo waya wa mtandao. Kwa hivyo kwa ukuta huwa kuna tundu lina umeme na tundu halina, na yanafanana kama mapacha. Mtu akichanganya, ile ya taa inaungua pale pale."

"Mtu wa kuchanganya ni mjinga," Mzee Gachau akasema. "Hatutengenezei wajinga. Soketi yenye taa inakwambia waya uko hai au umekufa. Kiwandani tulikuwa tukisema swichi isiyo na taa ni jeneza."

Jagdeep akafungua mdomo. Waceke akamtazama, na Jagdeep akaufunga.

"Sawa, mzee," Waceke akasema. "Iwe ya taa."

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi. Katika nyumba walikotoka vijana hao, mtu wa umri wa babu yako unaweza kumpinga mara moja kwa adabu, halafu unanyamaza. Kwa kina Jagdeep hali ilikuwa hiyo hiyo: duka lote lilikuwa limepakwa rangi ya zambarau kwa sababu babu yake aliipenda, na wateja wote walijua kwamba babu peke yake ndiye aliyeipenda.

Bodi zilipofika, Mzee Gachau aliifunga ya kwanza kwa mkono wake. Risasi ya kulehemia ilikaa vizuri kwenye kila mguu, inang'aa. Waceke akachukua kalamu ya wino mzito na kuandika namba moja nyuma yake.

"Hii ni yako. Ya kwanza ni ya mzee."

"Na hizi nyingine?"

"Usijichoshe macho na hizi. Sisi tutazimaliza."

Aliibeba mpaka nyumbani ndani ya leso, na njiani aliishika kwa nje ya mfuko kila hatua chache.

Jumanne mchana mkewe, Tabby, alipangusa kabati la sebuleni. Ili apanguse vizuri alichomoa nyaya zote nyuma ya kile kisanduku kidogo cha intaneti, akakilaza ubavu. Mzee Gachau alikuwa amengoja nafasi ya kuijaribu bodi yake. Kisanduku kilikuwa na matundu mawili. Miwani alikuwa ameiacha juu ya Biblia chumbani. Akachomeka waya wa antena upande mmoja na wa bodi upande wa pili, akawasha.

Taa mbili hazikuwaka. Badala yake soketi ilitoa mlio mdogo, kama mafuta yakiangukia sufuria ya moto, na uzi wa moshi ukapanda.

"Haiya, Baba Wangechi! Nini hiyo inanuka?"

"Ni vumbi."

"Vumbi limeanza kutoa moshi lini?" Tabby akainama, akatazama kisanduku, kisha akamtazama yeye. "Umechanganya nyaya. Si ungempigia yule kijana Mulei?"

"Nimpigie nimwambie nini?"

"Umwambie umechanganya nyaya."

"Mama Wangechi, tafadhali."

Akaenda kuvaa miwani, akarudi. Karibu na tundu lenye umeme kulikuwa na kikaratasi, na juu yake Mulei mwenyewe alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: ANTENA TU. Mzee alisimama akikisoma kama vile maneno yalikuwa mengi. Plastiki ya soketi ilikuwa imevimba na kupata kovu jeusi. Akakumbuka sauti yake ikisema mjinga, na jinsi ilivyojaa chumba.

Jumamosi hiyo bodi zilikuwa zionyeshwe shuleni mbele ya wazazi. Akachukua simu ampigie Waceke. Alijua la kusema, na lilikuwa fupi: soketi niliyochagua inaungua, msiende nazo. Lakini Waceke angeuliza amejuaje. Akaiweka simu chini. Jumatano aliishika tena, akaandika ujumbe, akaufuta. Alhamisi alijiambia kwamba kisanduku cha shule pengine ni cha aina nyingine. Ijumaa alijiambia kwamba Mwalimu Muli ni mtu wa makini, hawezi kuchanganya. Akaifunga bodi iliyoungua ndani ya ile leso na kuitia mfuko wa ndani wa koti, akisema moyoni kwamba akipata nafasi shuleni atamvuta Waceke kando.

Walisafiri kwenda Ruiru katika pikapu ya duka, ile yenye viti vya mbele na vya nyuma. Nafasi zilikuwepo. Waceke alikaa karibu naye njia nzima, akimsimulia habari za lifti iliyokwama na pasta ndani. Mzee Gachau alicheka mahali pa kucheka.

Wazazi walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa shule. Mezani mbele kulikuwa na monita moja, na bodi imewekwa kando yake, soketi zikielekea ukutani. Mulei alikuwa koridoni juu ya ngazi, akifunga monita nyingine. Ukutani kulitundikwa kisanduku kirefu cha mtandao chenye matundu mengi, na Mzee Gachau, safari hii akiwa na miwani, aliona kwamba nusu ya matundu yalikuwa na mstari mwekundu juu yake. Matundu ya umeme.

Mwalimu Muli, mtu mnene mwenye furaha, akauinua waya wa bodi ili watu wauone.

"Wazazi, sasa mimi mwenyewe, mtu asiyejua lolote, nitachomeka waya huu!"

Wakacheka. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye mstari mwekundu.

"Mwalimu," Mzee Gachau akasema.

Mwalimu Muli akageuka. Wazazi wakageuka. Waceke akageuka.

"Naam, mzee?"

Ukumbi mzima ulimngoja kwa heshima. Alijua kwamba neno moja lingetosha, na kwamba baada ya neno hilo wangetaka la pili.

"Endelea," akasema.

Mwalimu Muli akachomeka.

Mzee Gachau alishikilia ukingo wa meza na kuvuta hewa kwa pua, akisubiri ile harufu. Alijiona tayari akishangaa pamoja na wengine, akisema labda umeme wa shule ni mbaya. Alikuwa amekwisha kuyapanga maneno yenyewe. Kisha kwenye monita yakatokea maandishi meupe juu ya bluu, KARIBUNI WAZAZI WETU, na watu wakapiga makofi.

Hakuna kilichoungua. Alingoja bado. Maandishi yakabadilika yakawa ratiba ya mitihani, na mama mmoja akainua simu kuipiga picha.

Akazunguka meza polepole, kama mtu anayekagua kazi yake, akainama kuchungulia nyuma ya bodi. Soketi ya picha ilikuwa ile ya bluu, skrubu zimekazwa. Soketi ya mtandao haikuwa na taa. Ganda lake lilikuwa limefifia kama sarafu ya zamani.

Aliinama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Na soketi zote mbili," Waceke alikuwa akiwaambia wazazi, "alituchagulia Mzee Gachau, fundi wa miaka mingi pale Thika. Mzee, hebu wakuone."

Akanyooka. Akainua mkono. Makofi yakaja tena, mazito kuliko ya kwanza, na mzee mwenzake wa mstari wa mbele akavua kofia. Waceke alikuwa akitazama juu ya kichwa chake, mahali ambapo ukuta unakutana na dari.

Shughuli ilipokwisha Mwalimu Muli aliwafuata. "Nataka nyingine haraka, ya ofisini. Nasikia mzee ana moja nyumbani. Si mtuazime hiyo tukingoja?"

"Hiyo hapana, mwalimu," Waceke akasema upesi. "Ile ni ya heshima. Haitoki."

"Hata kwa wiki moja?"

"Nimeiacha nyumbani," Mzee Gachau akasema, na bodi ikamchoma ubavuni ndani ya koti.

Safari ya kurudi ilikuwa na jua kali. Mzee alikaa mbele pamoja na Jagdeep, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi la malori. Hawajafika Juja, Mulei akaanza kunusa huko nyuma.

"Wasee, kuna kitu inaungua."

"Ni soksi zako," Jagdeep akasema.

"Si soksi. Ni waya. Jagdeep, hii gari yenu itatupika."

"Usitukane gari ya babu."

"Simtukani babu, naheshimu babu. Gari ndiyo natukana."

Waceke naye akanusa. "Kweli inanuka. Simama kando tuangalie."

Mzee Gachau angeweza kusema hapo. Jagdeep akaegesha kando ya barabara, akainua boneti, na wote watatu wakatia vichwa ndani. Mzee akabaki ameketi, leso ikipata joto kifuani pake na kuzidi kunuka. Kupitia upenyo chini ya boneti aliona mikono yao. Jagdeep alifuata waya mmoja baada ya mwingine. Mulei alichomoa kifuniko cha betri, akalamba kidole, akagusa.

"Aai! Hapa si ndiyo kwenye moto?"

"Hiyo ni injini, Mulei. Injini huwa moto."

"Fyuzi umeangalia?"

"Nimeangalia. Ziko sawa. Sijui ni nini, walahi. Babu ataniua. Ataniambia nimeharibu gari siku ya kwanza kunipa."

Jagdeep alikuwa ametoka jasho, na shati lake jeupe la kwendea shuleni lilikuwa na mstari wa grisi kifuani. Akaanza kukifungua kisanduku cha nyaya kwa ufunguo wa nyumba, kwa kuwa spana hakuwa nayo. Mzee Gachau akafungua mlango na kushuka.

"Si gari," akasema.

Lori likapita na kumeza maneno. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Si gari!" akasema tena, kwa nguvu, na sauti ikamtoka kama ya mtu anayegomba.

Akaitoa leso, akaifungua juu ya ukingo wa pikapu. Wakaja kutazama. Bodi ililala hapo na namba yake moja, risasi bado inang'aa kwenye miguu, na soketi yenye taa mbili imevimba kama jipu. Harufu iliwafikia wote.

"Ngai," Mulei akasema kwa sauti ndogo.

Waceke aliichukua, akaigeuza, akairudisha. "Iliungua lini?"

"Jumanne."

"Jumanne," Waceke akasema. "Na leo mwalimu akienda kwa tundu nyekundu, wewe uliona?"

"Niliona."

"Ukamwambia endelea."

Mulei aligeuka kutazama mashamba ya kahawa, ingawa hapo hapakuwa na cha kutazama. Jagdeep alijipangusa mikono kwenye suruali, akakumbuka ni suruali gani, akaacha.

Aibu ilimpanda mzee shingoni, na pamoja nayo hasira, kwa kuwa hasira aliijua zaidi. "Na nyinyi je? Soketi yangu mliibadilisha lini?"

"Hatukubadilisha, guka," Waceke akasema. Hakuwa amewahi kumwita guka, babu. "Hatukuwahi kuiweka. Siku ile ukitoka, tuliagiza zile zingine. Tulizifunga Jumapili baada ya kanisa."

"Ya kwanza ni ya mzee," Mzee Gachau akasema, akimwiga.

"Ndiyo. Tulikuwa na moja tu ya taa, ukaifunga wewe mwenyewe kwa roho safi. Ningekunyang'anya? Nilifikiri hutaichomeka popote. Nilifikiri utaiweka kabatini pamoja na vikombe."

Kabatini pamoja na vikombe. Aliona kabati la sebule, vile vikombe vya wageni ambavyo Tabby huvipangusa na kuvirudisha bila kuvinywea.

"Mngeniambia."

"Mulei alikuambia," Waceke akasema. Macho yake yalikuwa na maji lakini sauti ilikuwa kavu. "Alikuambia vizuri. Ukasema mjinga."

Mulei, bado akitazama mashamba, akasema, "Si neno, mzee. Mimi huitwa mjinga hata na wateja."

Hilo lilikuwa baya kuliko yote. Mzee Gachau aliikunja leso bila kuweka bodi ndani, akaikunjua, akaikunja tena.

"Na ile ya picha?" akauliza. "Ile ya skrubu. Mlinikubalia tu hiyo pia?"

"Hiyo ulikuwa sawa. Nilienda stoo ya shule nikaangalia monita zote. Hakuna hata moja ya HDMI."

Mzee alimtazama usoni ajue kama ni kweli, na akagundua kwamba hawezi kujua. Sauti ilikuwa ile ile aliyoitumia kila Jumamosi kusema sawa, mzee. Miaka yote ya kiti chenye mto ilipita mbele yake, kila soketi, kila waya, kila ushauri, naye hakuweza kutenga ushauri waliouchukua na ule walioupokea kwa adabu na kuutupa baada ya yeye kutoka. Na hakuweza kuwalaumu. Walidanganya ili jina lake libaki. Yeye alinyamaza kwa sababu hiyo hiyo, lakini wao hawakuwa tayari kuacha bodi za shule ziungue.

"Anko, tupande," Jagdeep akasema kwa upole. "Jua ni kali."

Wakapanda. Madirisha yakashushwa yote, na vumbi likaingia mpaka Thika.

Wiki hiyo Tabby hakumuuliza kitu. Jumamosi asubuhi alimkuta ameketi kitandani, amevaa kiatu kimoja.

"Leo huendi?"

"Naenda."

"Basi kiatu cha pili kiko chini ya kitanda. Hakitakuja chenyewe."

Alipoingia chumba cha nyuma walimwamkia wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa mno. Kiti chenye mto kilikuwa pale pale. Juu ya meza kulikuwa na bodi yake iliyoungua, ambayo Waceke aliiacha wazi badala ya kuificha, na kando yake sampuli mpya juu ya gazeti. Walikuwa wameanza bodi ya maktaba ya shule. Mzee akaketi. Walimweleza kazi kwa uangalifu, kila mmoja akimpisha mwenzake aseme, kama watu waliobeba kitanda kwenye ngazi.

"Sasa ya picha," Waceke akasema, na akakoma.

Walikuwa wakimngoja, kama siku zote. Mzee Gachau aliitazama ile soketi ya bluu. Ilikuwa kitu pekee katika chumba ambacho alikuwa na hakika nacho, au karibu na hakika.

"Hii ya skrubu," akasema. "Ilitufaa."

Hakuna aliyesema sawa. Waceke alitazama mchoro wake. Jagdeep alimtazama Waceke, lakini safari hii Waceke hakumpa jicho la kumnyamazisha. Nje mteja alikuwa akiuliza bei ya misumari.

"Hapana, mzee," Mulei akasema.

Akasimama, kama mtoto anayejibu darasani, kisha akaona amesimama akaketi tena kwenye debe lake. "Hapana, kwa sababu maktaba wamepewa televisheni mpya na haina hilo tundu, halafu ukiweka kigeuzi pale inakuwa shida, kwa sababu ile mawimbi ya VGA na ya HDMI si kitu kimoja, moja inapanda inashuka na nyingine inahesabu, na kigeuzi kinataka umeme wake, na..."

Mzee Gachau alihisi moto ukitoka shingoni mpaka masikioni. Alilitazama koti lake kwenye msumari ukutani. Lilikuwa karibu. Angeweza kusema ana miadi, nao wangemsindikiza mpaka mlangoni, wangemshukuru kwa kuja, na kiti kingeendelea kumngoja maisha yake yote.

"Rudia," akasema.

Mulei akashtuka. "Pole, mzee. Sikukusudia..."

"Hapana, nimeisikia. Rudia ile ya mawimbi. Polepole."

Mulei akamtazama Waceke, kisha akachukua kalamu na kuanza kuchora pembeni mwa gazeti. Mchoro ulikuwa mdogo, na kutoka kwenye kiti chenye mto haukuonekana. Mzee Gachau, masikio bado yakiwaka, akainuka, akavuta debe moja la rangi, akaketi karibu na meza.